Mlima Kilimanjaro si bi harusi, acheni kuuremba

Wakuu, salamu baadaye. Hizi picha za mlima zinazotundikwa kwenye kurasa za utalii za Moshi na Arusha sasa ni kero. Barafu ya bluu kama sabuni ya unga, anga jeusi saa nne asubuhi, migomba inang'aa kuliko kikoti cha bodaboda. Mgeni akishuka uwanja wa ndege wa KIA anauliza mlima wenyewe uko wapi.

Tuanze na ukungu mnaoupiga vita. Kutoka Moshi mjini hadi Kibo, kilele kikuu, kuna kama kilomita 30 za hewa. Hewa hiyo ndiyo inayoonyesha kuwa migomba iko karibu na mlima uko mbali. Ukivuta slaida (kitelezi) ya kuondoa ukungu kwenye programu ya kuhariri hadi 60 kwa picha nzima, mlima unakuja kukaa juu ya bati la jirani, anga linaiva, na kila punje ya vumbi kwenye sensa ya kamera inageuka doa. Weka maski, yaani chagua eneo la kuhariri, kwenye mlima peke yake, 10 hadi 15, basi. Anga usiliguse.

Halafu ule uzi mweupe. Kuza picha hadi asilimia 100, tembea na ukingo wa Mawenzi, kile kilele cha pili chenye miamba: kuna mstari kama wa chaki unaofuata miamba mwanzo mwisho. Mlimani haupo. Umeuchora wewe kwa kupandisha klariti (utofauti wa mwanga na giza kwenye kingo) huku umefungua vivuli hadi +100, programu ikang'arisha anga linalopakana na mwamba mweusi. Vivuli +20 au +30, klariti isizidi 10. Msitu ukiwa mweupe sawa na barafu, mwanga umetoka upande gani?

Barafu nayo, ukishusha sehemu angavu hadi -100 inakuwa simenti. Ishia -40 hivi. Kama iliungua, ikawa nyeupe tupu, tangu kamera ilipopiga, hakuna slaida ya kuifufua. Punguza eksposha (mwanga unaoingia kamerani) theluthi mbili za stopu, kipimo cha mwanga cha kamera, ukiwa huko huko, histogramu (grafu ya mwanga wa picha) isigonge ukuta wa kulia. Joto la rangi kwa mchana ni 5,200 hadi 5,500 K (kelvini). Ukifika 7,500 K umepaka samli.

Saturesheni (ukolezo wa rangi) iache sifuri. Majani yakizidi ukali, shusha njano kwanza, -10 au -15, maana rangi nyingi ya majani imekaa kwenye njano, si kwenye kijani kama wengi wanavyodhani. Na pigeni RAW, faili ghafi la kamera, jamani. JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Ndiyo maana anga lenu likivutwa linakatika mistari mistari kama ngazi.

Ila mnaobandika anga la kuazima ndio mmezidi. Ukiwa Moshi, Kibo iko kaskazini. Picha ina jua linazama nyuma yake. Magharibi imehamia Rongai, kaskazini kule, lini?

Jibu la 1
Mkuu umenena, ila mwenye kampuni ndiye anayetaka "rangi iwake". Usipomfanyia anaenda kwa mwingine. Halafu ukituma kwenye simu yake inapauka, anasema hujafanya kazi.

Mwanzisha uzi
Inapauka kwa sababu umeihifadhi kwa Adobe RGB, mfumo mpana wa rangi. Hifadhi kwa sRGB, mfumo wa kawaida wa simu, upande mrefu pikseli 2,048, ubora 85, na WhatsApp itume kama dokumenti, si kama picha. Usiihariri usiku skrini ikiwa imewashwa mwanga wote, utatoa picha ya giza halafu utaifidia kwa rangi. Bosi mpelekee nakala mbili, azitazame kwenye simu yake mwenyewe, nje, mlima ukiwa wazi mbele yake asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Bado akichagua ile ya sabuni ya unga, mtoze na hela ya saluni.