Makatizo ya kadi ya mtandao yanaelemea prosesa moja

Swali: Seva yangu ya Linux ina prosesa 8, lakini faili /proc/interrupts inaonyesha kuwa makatizo yote (interrupts, yaani ishara za kuiita prosesa) ya kadi ya mtandao yanaangukia CPU0, prosesa ya kwanza, huku nyingine zikikaa bure. Niyagawe vipi?

Jibu: Kadi ikiwa na foleni kadhaa za pakiti, kila foleni huwa na katizo lake, nawe utalielekeza kwa faili yake ya smp_affinity, yenye namba ya heksadesimali ambayo kila biti yake ni prosesa moja kuanzia CPU0; thamani 4 (biti 100), kwa mfano, ni CPU2. Zima kwanza irqbalance, huduma inayogawa makatizo yenyewe, la sivyo itakubadilishia.

Muulizaji: Nashukuru, ila foleni ni moja tu.

Jibu: Basi usilizungushe katizo hilo kwenye prosesa zote, kwani pakiti za muunganisho mmoja zinaweza kupishana njiani, afadhali uandike fe (biti za prosesa zote isipokuwa CPU0) kwenye faili ya rps_cpus ya foleni hiyo, ili kerneli igawe uchakataji kwa kufuata anwani na poti, nayo CPU0 ipumue.