Tupeane uzoefu: mtoto amekuwa mkorofi, nyumbani tuanze kuangalia nini?

Habari za jioni wapendwa. Msimu wa korosho umefika, nyumba zimegawanyika, wengine shambani wengine mjini, na malalamiko ni yale yale: utoro, matusi, kupiga wadogo, kudokoa hela ya mboga. Wengi wanakimbilia fimbo. Mnaofanya kazi na watoto huku Mtwara na Lindi, wekeni mbinu zenye hatua. Habari za maisha yetu binafsi tuziache kwa leo.

Mwalimu, Newala
Kabla ya adhabu, daftari. Chora safu tatu: kabla, alichofanya, baada. Andika wiki nzima, kila tukio mstari mmoja na saa yake. Mfano: "Saa 12 jioni. Kaambiwa akateke maji. Kagoma, katukana. Mama kafoka mara nne, mwisho kamtuma mdogo wake." Soma safu ya mwisho: kugoma kumemwondolea ndoo. Kesho atagoma tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Mwanasaikolojia Mmarekani Gerald Patterson aliueleza mzunguko huu mwaka 1982. Mzazi anaamuru, mtoto anapinga, kila mmoja anapandisha ukali, hadi mmoja asalimu amri. Mtoto akishinda, kajifunza kuwa kelele zinalipa. Mzazi akishinda kwa kofi, naye kajifunza kitu: safari ijayo ataanza na kofi.

Ustawi wa jamii, Lindi
Mwalimu kasema kweli, ila tusimbebeshe mama lawama zote. Mwenye deni, au anayegombana na mwenzake kila usiku, hana nguvu ya kuisimamia amri moja hadi mwisho. Anafoka, anachoka, anaachia. Na mtoto msumbufu anamchosha zaidi. Shida inakwenda pande zote mbili.

Mtoto akihamishiwa kwa bibi baada ya talaka, aambiwe kwa maneno machache: "Baba na mama wameachana. Si kosa lako. Shule ni ile ile. Mama atapiga simu Ijumaa." Na simu ipigwe kweli. Kama huna uhakika wa Ijumaa, usiitaje.

Mama mlezi, Mikindani
Hapo kwa bibi ndipo penye kazi! Mama anakataza, bibi anaruhusu. Tunafanyaje?

Ustawi wa jamii, Lindi
Dada, msimpe bibi orodha ndefu. Kubalianeni sheria mbili tu, mtoto akiwepo, na mjomba aitwe. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao neno la mjomba lina uzito.

Amri yenyewe itolewe hivi: msogelee, mwite jina, sema jambo moja, kisha nyamaza uhesabu kumi moyoni. Akitii, msifu pale pale kwa kutaja alichofanya: "Umeteka maji mara moja, ahsante." Akikataa, rudia mara moja tu, halafu adhabu ndogo ya papo hapo. Kwa mdogo wa kuanzia miaka 3, akae pembeni dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Kwa mkubwa, mpira wa jioni hiyo usimame. Chakula kisiwe adhabu kamwe.

Siku za mwanzo atazidisha vurugu, maana anaijaribu ile njia iliyomfaa zamani. Wengi huachia hapo hapo, na mtoto anajua sasa apige kelele kiasi gani. Sambamba na hayo, kila siku mpe dakika 10 za mchezo anaouchagua yeye, bila kumkosoa.

Muuguzi, Masasi
Pimeni mwili kwanza. Sikio linalotoa usaha humfanya mtoto aonekane kiburi kumbe hasikii. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kukojoa kitandani chini ya miaka 5 si ukorofi. Akibadilika ghafla, au akianza kuogopa nyumba fulani au mtu fulani, msimfokee. Muulizeni faraghani. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, bure.

Mwalimu, Newala
Naongeza la jando na unyago. Mtoto anarudi ameambiwa sasa ni mkubwa, nyumbani anatumwa kama jana, darasani vivyo hivyo. Anajibu kwa ukali. Mpeni jukumu moja la kikubwa, kama kutunza hela ya sabuni ya wiki na kutoa hesabu Jumamosi. Saa ya kurudi nyumbani ibaki ile ile.