Kikundi cha ukoo: Kushuka Kitonga na mvua

*Sudi:* Shikamooni wakubwa. Niko Mafinga, kesho asubuhi nashuka mteremko wa Kitonga na semi (lori la kuvuta tela), tani 30. Mvua haijakatika tangu Makambako. Nizingatie nini?

*Mjomba Hamisi:* Marahaba mjomba. Gia iweke kabla gari halijaanza kuteremka. Ile ambayo ungepandia na mzigo huohuo, au ndogo yake moja. Gari likishachukua mwendo, gia ndogo haiingii tena. Utabaki nyutro na injini haikushikilii.

*Baba Neema:* Na usishuke nyutro kwa kubana dizeli. Ukiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, pampu inakata dizeli yenyewe. Huokoi chochote.

*Mjomba Hamisi:* Exosti breki, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo, iwashe ukiwa juu. Breki ya mguu ni ya kusaidia. Tuseme umejipangia kilomita 30 kwa saa: mshale ukifika 30, kanyaga vya kutosha ushuke mpaka 22 hivi, kisha achia kabisa. Usiilalie breki mteremko mzima. Lainingi (ngozi za shu za breki) zinashika moto, drami (duara la chuma ambalo shu hulibana) inatanuka inazikimbia shu, unakanyaga mpaka chini na gari haliitiki.

*Sudi:* Kwenye lami ya maji exosti breki si italitelezesha?

*Baba Neema:* Umeuliza la maana. Ukiwa na mzigo tairi zinashika, itumie, ila mwendo uwe mdogo zaidi. Hatari ni tela tupu: exosti breki inazuia tairi za hosi (kichwa cha gari) peke yake, zikiteleza tela linaisukuma hosi mpaka vinajikunja. Ukihisi mkia wa hosi unacheza, zima exosti breki palepale, usukani uunyooshe.

*Mjomba Hamisi:* Sasa upepo wa breki. Toa maji kwenye mitungi yote, ya tela pia. Yakitoka meupe kama maziwa, kompresa inapitisha oili. Kisha jaza upepo mpaka bar 8, zima injini, kanyaga breki dakika nzima bila kuachia. Mshale ukishashuka ule wa kwanza wa kukanyaga, hosi na tela kwa pamoja zisipoteze zaidi ya psi 4 (kama bar 0.3). Zikizidi, kuna panapovuja.

*Shangazi Rehema:* Na ukungu wa Mafinga asubuhi je?

*Baba Neema:* Taa ndogo za ukungu na dimu, shemeji. Fulu inamrudia machoni mwenyewe. Kukiwa kuzito asiondoke, mzigo utasubiri.

*Mjomba Hamisi:* Ukisimama chini drami zikiwa za moto, usivute handibreki. Tairi weka kigingi. Maji usimwagie kabisa, drami inapasuka. Kama taniboi (utingo) ametumia mawe, ayatoe barabarani kabla hamjaondoka.

*Sudi:* Sawa mjomba. Slaki, vile vikono vya kukaza breki kwenye tairi, nazipimaje?

*Mjomba Hamisi:* Mahali tambarare, vigingi kwenye tairi, handibreki iachie. Ingia chini, vuta kwa mkono ule mkono wa slaki kila tairi. Fimbo ya busta (kopo la upepo linalosukuma slaki) isitoke zaidi ya sentimita 2.5.

*Sudi:* Nimepima. Zote ziko sawa, isipokuwa ya nyuma kushoto ya tela. Inatoka kama 4.

*Mjomba Hamisi:* Hiyo slaki ni ya kujikaza yenyewe au ya spana?

*Sudi:* Ya kujikaza yenyewe.

*Mjomba Hamisi:* Basi usiizungushe ukadhani umemaliza, kwa sababu slaki ya hivyo ikilegea kuna kilichokufa: yenyewe, bushi, au lainingi zimeisha. Ita fundi hapohapo Mafinga afungue tairi. Kitonga huendi mpaka ifungwe nyingine.

*Sudi:* Namtafuta sasa hivi. Nikipata nawatumia picha.