Seva ya Linux imegoma kuingiza watu wa domeni baada ya umeme kukatika, msaada wakuu

fundi_waya: Wakuu, habari za kazi. Nina seva ya Ubuntu, imeungwa kwenye Active Directory (mfumo wa Microsoft wa akaunti za domeni) kwa SSSD (programu inayoiunga Linux nayo), mwaka wa pili huu haijawahi kusumbua. Jumamosi umeme ulikatika, UPS ikaisha chaji, ikazimika. Tangu Jumatatu haingii mtu kwa akaunti ya domeni. Nenosiri ni lilelile, jibu ni kwamba si sahihi. Akaunti ya ndani ya seva inaingia, na kompyuta za Windows hazina shida yoyote. Bosi kanisimamia kichwani. Nianzie wapi?

Kisimani: Itoe kwenye domeni, iunge upya. Dakika 10 umemaliza.

mama_seva: Usiitoe, mdogo wangu. Ukiitoa kabla hujajua sababu, huenda hata kuirudisha ukashindwa. Fungua /var/log/sssd/krb5_child.log, bandika mistari ya mwisho.

fundi_waya: Umejaa mstari huu: "Clock skew too great", yaani saa zimepishana mno. Lakini dada, saa iko sawa na ya simu yangu! Niliiweka mwenyewe kwa mkono, maana ilipowaka ilikuwa imerudi nyuma miaka.

mama_seva: Hapo kwenye "kwa mkono" ndipo ninapotilia shaka. Toa matokeo ya timedatectl, amri ya kuonyesha saa ya seva.

fundi_waya: Local time 10:14, Universal time 10:14, Time zone Etc/UTC.

mama_seva: Mchawi ndiye huyo. Dar tuko saa 3 mbele ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo hizo mbili hazipaswi kulingana. Uliandika 10:14 ya simu, seva ikaichukua kuwa 10:14 ya UTC, wakati UTC halisi ilikuwa 07:14. Kerberos (itifaki inayothibitisha watu wa domeni) haiangalii saa ya ukutani, inalinganisha UTC, na kwa kawaida inavumilia dakika 5 tu.

timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
chronyc makestep

Baada ya amri ya kwanza utaona saa imeruka mbele saa 3; ya pili inaiambia chrony (programu ya kusawazisha saa) iirekebishe papo hapo. Usiirudishe kwa mkono tena!

mzee_wa_raki: Angeandika saa 4 ya Kiswahili, pengo lingekuwa lilelile la saa 3, ila kwa nyuma 😂

Kisimani: Kwani asiongeze tu clockskew (tofauti ya saa inayovumiliwa) kwenye krb5.conf, faili la mipangilio ya Kerberos?

mama_seva: Domain controller (seva inayosimamia domeni) ina kipimo chake, haisomi faili lako. Halafu kipimo hicho kipo ili mtu aliyenasa tiketi njiani asije kuitumia baadaye. Unataka kumfungulia mlango wa saa 3?

fundi_waya: makestep haijabadili kitu. chronyc sources zote zina ^? (hakuna chanzo cha saa kinachopatikana)

mzee_wa_raki: Nadhani faiawoli yenu inazuia UDP 123 (mlango unaotumika kusawazisha saa) kwenda nje. Ielekeze chrony kwenye domain controller, weka mstari wa server kwenye chrony.conf, anzisha upya huduma. Ila hakikisha domain controller yenyewe inapata saa mahali pa kuaminika. Windows isiyosawazishwa chrony huwa inaikataa, mimi ilinipotezea siku nzima.

fundi_waya: Imetokea ^* (chanzo cha saa kimekubaliwa) na watu wanaingia! Bosi kaenda kunywa chai. Asanteni sana.

mzee_wa_raki: Betri ya ubao mama, inayotunza saa umeme ukikatika, imekufa hiyo, nunua CR2032 leo. Na kazi zako za cron (zinazojiendesha kwa ratiba) ulizipanga kwa UTC au kwa saa za Dar? Bekapu ya usiku sasa itaanza saa nyingine.

fundi_waya: Duh. Ngoja nikaangalie.