Mrejesho: kanda za taarabu za marehemu baba

Wiki iliyopita niliuliza kwa nini Picard, programu ya kompyuta inayotambua nyimbo na kuziandikia majina, haizitambui nyimbo nilizozihamisha kutoka kwenye kanda za marehemu baba, na kama kugeuza MP3 (faili ndogo zinazotupa sehemu ya sauti) kuwa FLAC (faili zisizotupa sauti yoyote) kungerudisha ubora wake. Mlinieleza kwamba sauti iliyokwisha kutupwa na MP3 hairudi tena. Basi nimezirekodi upya moja kwa moja katika FLAC, na sasa hata mguso mwepesi wa nyuzi za udi unasikika. Kuhusu majina, hakuna aliyekuwa ameziingiza nyimbo hizo katika MusicBrainz, hifadhidata ya muziki ya mtandaoni ambayo Picard huitegemea, kwa hiyo nimefungua akaunti, nikanakili orodha iliyo kwenye kasha herufi kwa herufi (wino umefifia mno), nikawasilisha alama za sauti (mfano wa alama za vidole za kila wimbo) kwa AcoustID, huduma inayotambua nyimbo kwa alama hizo, na jana Picard ilizitambua zote. Nawashukuru kwa dhati.