Mjadala: Je, filamu ya Watchmen iliponzwa na kubadilishwa kwa mwisho wake?

Wachangiaji wenzangu, hoja iliyo mezani inasema kwamba mwongozaji Zack Snyder aliiharibu Watchmen, hadithi ya mashujaa iliyotoka kwanza kama kitabu cha katuni, pale alipobadilisha mwisho wake katika filamu ya mwaka 2009, na kwamba angesalimika endapo angeifuata michoro ya kitabu ukurasa kwa ukurasa. Naomba kuipinga. Mwisho ule ni kosa dogo, kama ni kosa; kilichoiponza filamu ni kule kuing'ang'ania michoro.

Kwa wasiokisoma kitabu: mwandishi Alan Moore na mchoraji Dave Gibbons waliitoa hadithi hii katika matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987, na kurasa zake nyingi zimepangwa kwa visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Msomaji huuona ukurasa mzima kabla hajasoma neno lolote, hurudi nyuma anapotaka, na hukaa kwenye kisanduku kimoja kadiri apendavyo. Mtazamaji wa sinema hana uhuru huo, kwa sababu mwendo wa hadithi umeshikwa na mhariri wa filamu.

Chukueni kibanda cha magazeti kilichomo kitabuni. Muuzaji analalamika kuhusu vita vinavyonukia, na pembeni yake kijana ameketi akisoma katuni ya maharamia. Ndani ya kisanduku kimoja tunasoma maneno ya muuzaji pamoja na maneno ya baharia aliyemo katika katuni ya yule kijana, na hofu ya mmoja inakuwa kama maelezo ya hofu ya mwenzake. Jicho linayabeba yote mawili kwa mara moja. Toleo lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema liliwaacha maharamia kabisa. Baadaye likatoka toleo la dakika 215 lililowarudisha kwa njia ya katuni ya kuchorwa, lakini humo inabidi tuondolewe mtaani tupelekwe baharini, kisha turudishwe, na kila safari inaikata ile iliyotangulia. Hakuna kilichopunguzwa, na bado kitu hakipo.

Nakiri kwamba kitabu chenyewe kinatega mtego. Ukurasa wa kwanza unaanzia kwenye beji ya manjano yenye damu, chini kabisa barabarani, na kila kisanduku kinapanda juu zaidi hadi kwenye dirisha la ghorofani, mithili ya kamera. Ni rahisi mwongozaji kudhani kwamba kazi yake imekwisha kufanywa na mchoraji.

Sasa huo mwisho unaolalamikiwa. Kitabuni, kiumbe wa kutisha mfano wa pweza anatupwa New York na kuua mamilioni. Kwenye filamu, miji kadhaa inalipuliwa na lawama zinamwangukia Doctor Manhattan, mhusika mwenye nguvu zisizo za kibinadamu. Pweza yule ameandaliwa kitabuni kwa habari za wasanii na waandishi waliotoweka, wanaofanya kazi kisiwani bila kujua wanamtengenezea nani. Ukiisha kuikata habari hiyo ili filamu itoshe muda wake, pweza angewadondokea watazamaji bila mwanzo wala sababu. Doctor Manhattan tayari wanamjua na wanamwogopa.

Wengine wanatoa ushahidi kwamba Moore alikataa jina lake liwekwe kwenye filamu. Ni kweli, lakini alikwisha kujitenga na mradi kabla haujapigwa picha, kwa hiyo uamuzi wake hauwezi kuwa hukumu juu ya pweza. Gibbons, kwa upande wake, aliiunga mkono.

Tulinganishe na Persepolis, filamu iliyotokana na kitabu cha katuni cha Marjane Satrapi kuhusu maisha yake, ambayo aliiongoza mwenyewe pamoja na Vincent Paronnaud mwaka 2007. Alibaki na weusi na weupe wa michoro yake, lakini akaongeza kitu kisichokuwemo kitabuni: mwanamke aliyekaa katika uwanja wa ndege wa Orly, Paris, kwa rangi, akikumbuka. Filamu ilipata mhimili wake hapo, na sijamsikia mtu akimshtaki Satrapi kwa kumsaliti Satrapi.

Kwa hiyo anayetetea utiifu kamili namwomba asianze na pweza. Aanze na kibanda cha magazeti, atueleze yeye angekipigaje picha.