Tupeane uzoefu: tuliozaliwa na mashujaa wenye nguvu za ajabu, sisi tukatoka kapa

Miguu Chini
Habari zenu wakuu. Mashujaa wanaandikwa kila siku, nani kazuia mafuriko, nani kasimamisha treni kwa mikono. Watoto wao waliorithi nao wanaandikwa. Sisi tuliotoka kapa tunatajwa pale tu tunapotekwa. Uzi huu ni wetu. Simulia ilivyokuwa, ila usitaje jina la kazi la mzazi wako wala usieleze nguvu zake kiasi cha kumwanika. Wengine bado wako kazini.

Naanza mimi. Mzee wangu anaruka. Kila niliyewahi kumwamini na siri hii kaniuliza lilelile: "Kwa hiyo alikuwa anakupeleka angani?" Mara chache, tena usawa wa miti. Watu wanasahau kwamba kila kilomita unayopanda joto linashuka nyuzi kama 6 na nusu. Kule zinakopita ndege kubwa, kilomita 10 kwenda juu, ni nyuzi 50 chini ya sifuri, na hewa imebaki kama robo ya hii tunayovuta. Yeye hahisi kitu. Mtoto wa kawaida anazimia.

Hayo nayasamehe. Kusubiri ndiko kulikonimaliza. Kwenye ukoo wetu nguvu huja mtu akibalehe, basi kuanzia miaka 11 nikawa wa kuchunguzwa. Nikipata homa nyumba nzima inachangamka. Nikipiga chafya mama anatazama mapazia. Shangazi akija, salamu yake ni "Vipi, bado?" Sauti ilipoanza kukwaruza, baba aliahirisha kazi akawa analala chumbani kwangu, ili nikianza kuelea usiku nisigonge dari. Zilizotoka ni chunusi. Lini waliacha kusubiri sijui, maana hakuna aliyetangaza. Siku moja tu nilikuta godoro walilolipigilia darini limebanduliwa.

Nawasilisha.

Sekunde Tisa
Godoro darini! Aisee nimecheka na nimeumia.

Kwetu ni mama, na kipaji chake ni masikio. Hebu fikiria kubalehe kwenye nyumba ambayo mama anasikia moyo wako ukibadilisha mwendo. Huwezi kusema "nipo sawa." Huwezi kumpenda mtu kimyakimya. Nilichokuwa nacho ni hesabu. Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mama akiwa kilomita 3 kutoka nilipo, neno langu linamfikia baada ya sekunde kama 9. Nilikuwa nasema upuuzi wangu na marafiki, halafu nahesabu moyoni. Ikifika tisa, simu inaita.

Ndiyo maana naandika sana. Kalamu ndiyo ilikuwa faragha yangu, na hata hiyo alinifahamisha kwamba penseli inakwaruza.

Ila kuna jambo sijalisema popote. Yeye anasikia wote wanaolia, usiku na mchana. Wakati fulani nililia chooni shuleni, nimefeli, wenzangu wamenicheka. Nikajua kanisikia. Nikahesabu, nikahesabu tena, simu haikuita. Jioni akaniambia bila kuzunguka: "Nilikusikia. Na nilimsikia mtoto mwingine aliyekuwa chini ya kifusi. Nikachagua." Ungemjibu nini mzazi kama huyo? Una haki ya kukasirika kweli? Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo: hasira yangu haina pa kutua, kwa sababu kila mara alikuwa na sababu nzuri kuliko mimi.

Mla Bata
Mmekulia nyumba ambazo mwizi hathubutu hata kupita barazani, leo mnalia. Sisi tungepata mzazi anayeruka tusingekanyaga tope maisha yetu yote.

Miguu Chini
Mwizi hathubutu, ni kweli mkuu. Wanaothubutu ni wale wanaokuja na ukuta mzima. Sebule yetu imejengwa upya mpaka fundi ana funguo zake.

Mwenye Funguo za Gari
Mimi naandika kwa kifupi, niko kazini (kazi ya kawaida, ya kukaa kwenye kiti). Tuko wanne, mimi peke yangu ndiye sina kitu. Dada anapita ukutani, kaka ana kasi, mdogo wetu anawasha moto kwa vidole. Sasa nani anajua kuendesha gari? Nani anajua fomu ya bima inajazwaje, nani alikaa na bibi hospitali? Mwenye kasi hakai, wakuu. Kasi inamfundisha mtu kutokukaa. Wananipenda, sikatai, lakini kwenye simu wananiita "ofisi."

Mkono wa Shati
Nimesoma nikasema leo nami nifungue mdomo.

Baba yangu ni wa nguvu za mwili. Chuma anakikunja huku akiongea na wewe mambo mengine. Alinibeba kwa viganja vilivyofunguka, vidole havikunji, kama aliyekabidhiwa yai. Tukivuka barabara alinishika mkono wa shati, kamwe si mkono wenyewe. Mashati yangu yote ya utotoni yana mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Sijawahi kukumbatiwa na baba yangu kwa kubanwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani hanipendi, nikaja kuelewa kwamba ananiogopa. Ananiogopa mimi, yule yule anayejitupa mbele ya kifaru cha jeshi.

Halafu kuna kutekwa. Wenzangu shuleni walifanya mazoezi ya moto, mimi nyumbani nilifanya na ya kufungwa kamba: kaza misuli na utanue mikono kidogo wakati wanakufunga, wakimaliza legeza, kamba inapata nafasi. Tulia, vuta pumzi polepole, sikiliza gari linakata kona ngapi. Nilijua haya kabla sijajua kuogelea. Na yalinisaidia. Lakini aliyenisaidia zaidi kila mara alikuwa yeye, na kamera zilimfuata yeye, na mimi nikafunikwa blanketi nikaambiwa nikae kwenye gari.

Kilichofuata ndicho nilitaka kusema. Nikiwa na huzuni, baba hawezi kwenda kazini. Anasimama mlangoni, anazunguka, anakosa umakini. Asipokwenda, watu wanakufa, na majina yao yanasomwa kwenye taarifa ya habari tukiwa mezani. Basi nikajifunza kuwa mzima. Kila asubuhi nashuka ngazi nikiwa mzima. Mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba watu wengine huamka wakiwa vyovyote walivyo.

Sekunde Tisa
Mkono wa Shati, hapo kwenye kuwa mzima umenitaja mimi. Pole ndugu yangu.

Hesabu Kwanza
Mimi ni wa sayansi, mtanisamehe. Kuna wanaoamini mtoto wa shujaa lazima awe shujaa. Kama nguvu zinatokana na jeni (chembe ya urithi) moja ambayo nakala yake moja inatosha, na mzazi mmoja tu anayo nakala hiyo moja, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Kama zinahitaji nakala mbili, wazazi wawili wanaoibeba bila kuionyesha wanapata mtoto mwenye nguvu kwa robo ya nafasi. Na kama zinatokana na jeni nyingi kwa pamoja, kama ulivyo urefu wa mwili, basi tumsikilize Francis Galton, mwanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1886 alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida huwa warefu, ila si kama wazazi wao. Wanarudi upande wa wastani. Kwa hiyo sisi ndio hali ya kutarajiwa. Wa kushangaza ni wao.

Mwenye Funguo za Gari
Mkuu, mama yangu alimwagikiwa na kitu maabara. Hapo Galton anasemaje?

Hesabu Kwanza
Hapo Galton ananyamaza. Ajali hairithiwi. Ila ndugu zako watatu wameipata, kwa hiyo kitu hicho kiligusa mayai yake, na wewe ulitoka kwenye yai lililopona. Mpigie simu umpongeze.

Mtoto wa Namba Kumi
Samahani wenye uzi. Baba yangu hana nguvu za ajabu, alikuwa mchezaji mpira mkubwa sana, mimi miguu yote ya kushoto. Naruhusiwa?

Kama naruhusiwa, nina la kuchangia. Pelé alichukua Kombe la Dunia 1958, 1962 na 1970. Mwanawe Edinho alizaliwa mwaka huo huo wa 1970, akaja kuchezea Santos, klabu ya baba. Akachagua kudaka! Alikuwa golini Santos ilipofika fainali ya ubingwa wa Brazil 1995 wakalikosa kombe mbele ya Botafogo. Nilivyosoma hilo nilimwelewa palepale. Alitafuta sehemu ya uwanja ambayo baba hajaitawala. Jordi, mtoto wa Johan Cruyff, mgongoni aliandika "Jordi" tu. Enzo, mtoto wa Zidane, alikulia Real Madrid akitumia Fernández, jina la upande wa mama. Kila mmoja na mlango wake wa kutokea. Mimi wangu ni kwamba nauza miwani.

Miguu Chini
Karibu sana, kaa. Miguu miwili ya kushoto ni tiketi tosha.

Mama Mwenye Zamu
Wanangu, mimi niko upande wa pili. Ni mmoja wa hao wazazi. Binti yangu ana miaka 14, hana dalili yoyote, na nimesoma kila mlichoandika. Niambieni nifanye nini.

Mkono wa Shati
Shikamoo mama. Mshike mkono wenyewe. Kama nguvu zako zinakutisha, vaa glavu nene, lakini umshike.

Sekunde Tisa
Neno "bado" lisitoke mdomoni mwako, wala mdomoni mwa shangazi zake. Na ukichagua kwenda kwa mwingine, mwambie kama mama yangu alivyoniambia. Niliumia, ila uongo ningeunusa. Halafu mwache akasirike hata kama ulikuwa na haki.

Mwenye Funguo za Gari
Na usimgeuze ofisi.

Mama Mwenye Zamu
Nimeandika yote. Kuna moja naona aibu kuuliza. Vazi nilishamshonea, toka ana miaka 6. Liko kabatini, na anajua liko. Nilitupe?

Miguu Chini
Kitambaa hakishiki moto?

Mama Mwenye Zamu
Hakishiki moto, hakipitishi risasi, hakichafuki.

Miguu Chini
Basi mama, muulize yeye kwanza. La kwangu nililiomba mwenyewe nikiwa na miaka 20. Nimelikata nikapata aproni moja na glavu mbili za jikoni, na kipande kilichobaki nimefunika kiti cha pikipiki. Lile joho tu ndilo halina kazi, linanasa mlangoni.